Naanza na datid (wakati uliopita), sentensi ya pili nimeshapotea: kwa nini nyakati za Kidenmaki zinaniponyoka nikisimulia?

"Shikamoo mwalimu. Niko Denmaki mwaka wa nne sasa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na jioni nasoma najiandaa na mtihani wa lugha, Prøve i Dansk 3. Nikizungumza mambo ya sasa sina shida. Taabu inaanza nikitakiwa kusimulia: sentensi ya kwanza naipatia, ya pili nateleza kwenye nutid (wakati uliopo), ya tatu niko kwenye førnutid (wakati timilifu, ule wa *har*). Juzi niliandika hivi kwenye ripoti ya zamu: *I morges gik jeg ind til beboeren. Han ligger i sengen og siger, at han er træt. Jeg hjælper ham op, og han har spist lidt grød. Så får han sin medicin.* Mwenzangu wa zamu iliyofuata akanipigia kuuliza kama mzee ameshapewa dawa au bado. Niliona aibu sana. Rafiki yangu mmoja ananiambia nitumie *har* kila mahali, ni rahisi. Mwingine anasema datid ni ya mambo ya zamani na førnutid ni ya mambo ya karibuni. Mwalimu wangu wa darasani anapiga mstari mwekundu na kuandika *tid!*, yaani wakati, basi. Nimekariri orodha ndefu ya vitenzi, lakini nikianza kusimulia vyote vinayeyuka. Shida yangu ni nini hasa?"

Marahaba, dada yangu. Nimeisoma ripoti yako zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba datid unaijua. *I morges gik jeg ind* ni sentensi safi kabisa: wakati umetajwa, kitenzi kiko kwenye datid, tena umekitanguliza mbele ya *jeg* (mimi) inavyotakiwa. Mtu asiyejua datid hawezi kuandika hivyo. Kwa hiyo tusitafute tatizo kwenye kumbukumbu yako wala kwenye ile orodha. Kinachohitaji maelezo ni kwa nini mtu aliyeanza sawasawa ateleze sentensi ya pili, na ateleze mahali palepale kila mara.

Hebu isimulie asubuhi ile kwa Kiswahili: "Asubuhi niliingia chumbani kwa mzee, nikamkuta amelala, akasema amechoka, nikamwinua, akala uji kidogo, akapewa dawa." Hesabu *-li-* ziko ngapi. Moja tu, mwanzoni. Baada ya hapo ni *-ka-* mpaka mwisho. Hii *-ka-* yetu haina wakati wake yenyewe, inaazima ule uliotangulia. Ndiyo maana tunaweza kusema "nenda ukamwite" na jambo lenyewe bado halijatokea. Katika masimulizi *-li-* ni kichwa cha treni na kila *-ka-* ni behewa: ukishawasha kichwa, mabehewa yanafuata bila injini zao. Masikio yako yamelelewa hivyo tangu utotoni. Ukishasema *gik*, akili inaona wakati umeshatajwa, kazi imekwisha, kinachofuata ni matukio tu. Basi inachukua umbo la kitenzi lililo jepesi kuliko yote, ambalo kwa mwanafunzi wa Kidenmaki ni nutid: *ligger, siger, hjælper*.

Kidenmaki hakina *-ka-*. Kila kitenzi kikuu cha kisa kinapaswa kujitangazia wakati wake upya, hata viwe kumi mfululizo. Unaruhusiwa kuacha kutaja mtenda baada ya *og*, ila huruhusiwi kuacha wakati: *Jeg gik ind, åbnede gardinet og sagde godmorgen*, niliingia, nikafungua pazia, nikasema habari za asubuhi. "Jeg" imetajwa mara moja, datid imetajwa mara tatu. Ukilishika hili moja, nusu ya ile mistari myekundu itapungua, maana sasa unajua unapoteleza: ni pale ambapo Kiswahili kingeweka *-ka-*.

Wakati huohuo, jipe moyo kwa upande mwingine. Kitenzi cha Kidenmaki hakibadiliki kwa sababu ya mtenda. *Jeg gik, du gik, hun gik, vi gik, beboerne gik*: umbo ni lilelile. Sisi tunabeba ni-, u-, a-, tu-, m-, wa- na ngeli zote juu yake. Mzigo wa Kidenmaki ni mdogo kuliko unavyouogopa, isipokuwa lazima uubebe kila hatua.

Sasa nije kwa marafiki zako. Yule wa *har kila mahali* anakupoteza, ingawa naelewa anakotoka. Kuna lugha jirani, kama Kijerumani cha kuzungumza, ambazo watu husimulia mambo yaliyopita kwa kutumia "kuwa na" pamoja na kitenzi, na haziharibiki. Kidenmaki hakikubali. *I går har jeg købt en cykel*, jana nimenunua baiskeli, inamkwaruza Mdenmaki sikioni mara moja. Anatarajia *I går købte jeg en cykel*. Yule wa pili, wa "zamani ni datid, karibuni ni førnutid", anaelekea ukweli lakini haufikii. Umbali haupimwi. *For to minutter siden ringede hans datter*: binti yake alipiga simu dakika mbili zilizopita, na hapo ni datid tupu. Kinyume chake, unaweza kusema *Der har boet mennesker i Danmark i tusinder af år*, watu wameishi Denmaki maelfu ya miaka, ukatumia førnutid kwa jambo lililoanza zamani sana.

Kinachoamua ni kama wakati wa jambo umefungwa au uko wazi. Ukiutaja wakati uliokwisha, au ukiwa unauona akilini kama wakati fulani uliopita, mlango umefungwa: tumia datid. Kama hutaji lini, na unachojali ni hali ya sasa iliyotokana na jambo hilo, au muda unaoendelea mpaka dakika hii, mlango uko wazi: tumia førnutid. *Jeg har boet i Danmark i fire år* maana yake bado upo. *Jeg boede i Danmark i fire år* maana yake ulishaondoka. Nakusihi ulishike hili kabla ya mtihani wa kuzungumza, kwa sababu habari za maisha yako mwenyewe ndizo zinazoulizwa kwa urahisi zaidi. Ukisema *boede*, anayekusikiliza atajiuliza sasa unaishi wapi.

Kuna alama ndogo itakayokusaidia, nami nashangaa haisisitizwi madarasani inavyostahili. Kidenmaki kina *-s* inayobandikwa kwenye majina ya nyakati zilizokwisha: *i morges* ni leo asubuhi, iliyokwisha kupita, *i aftes* ni jana jioni, *i lørdags* ni Jumamosi iliyopita. Linganisha na *på lørdag*, Jumamosi ijayo, na *om lørdagen*, kila Jumamosi. Ukiiona hiyo *-s*, mlango umefungwa, andika datid. *I dag* ni tofauti, kwa kuwa siku haijaisha. Ukitaka kusema leo ulikwenda kwa daktari, utasikia *I dag har jeg været hos lægen* na pia *I dag var jeg hos lægen*, na zote mbili ziko sawa.

Hapa Kiswahili kinakutega tena, safari hii kwa *-me-*. Wengi wetu husema "leo asubuhi nimeamka mapema, nimekunywa chai, nimepanda basi", na Kiswahili hakilalamiki. Ukiihamisha *-me-* hiyo moja kwa moja unapata *I morges har jeg drukket te*, na *i morges* inakataa. Sema *I morges drak jeg te*. Mtego mwingine wa *-me-* ni mkubwa zaidi: mara nyingi *-me-* yetu haielezi kitendo hata kidogo, inaeleza hali ya mtu ilivyo sasa. "Amelala" ni *han sover*. "Amekaa" ni *han sidder*. "Amechoka" ni *han er træt*. "Amevaa koti" ni *han har frakke på*. Ukisema *han har sovet* kwa mtu ambaye bado anakoroma, umesema ameshaamka. Kwenye kazi yako hilo si kosa dogo.

Tazama sentensi tatu ambazo kwenye ripoti zinakaribiana kwa herufi na kutengana kwa maana. *Han spiser ikke*: siku hizi mzee hali, na hapo muuguzi ataanza kuwa na wasiwasi. *Han spiste ikke til frokost*: mlo ule wa mchana hakula, basi. *Han har ikke spist endnu*: bado hajala, mtu amletee chakula. Vivyo hivyo *Så får han sin medicin*. Mwenzako hakukosea kukupigia simu. Nutid ya Kidenmaki hubeba pia mambo yajayo na mambo ya kila siku, kwa hiyo sentensi yako inaweza kusomeka "kisha atapewa dawa" au "kisha huwa anapewa dawa". Hakuna namna ya kujua kwamba ameshapewa. *Så fik han sin medicin kl. 8.15* inafunga mjadala. Saa iandike daima, itakulinda hata siku ambayo sarufi itakuponyoka. Na aibu iweke kando: aliyeuliza alifanya kazi yake vizuri, nawe umepata somo ambalo kitabu kisingekupa.

Je, førnutid haina nafasi kwenye kisa? Inayo, na ni nafasi nzuri. Wadenmaki huitumia kufungulia mazungumzo, halafu wanahamia datid mara tu kisa kinapoanza. *Har du været i Ribe? Ja, vi var der i sommer. Vi boede på et lille hotel og gik rundt i byen hele dagen.* Swali la kwanza halijali lini, linauliza kama umewahi kufika mji wa Ribe. Jibu likishataja kiangazi, mlango umefungwa na datid inashika usukani mpaka mwisho. Ukiweza kufanya mhamo huo bila kusita utasikika mwenyeji kuliko mtu aliyekariri vitenzi mia mbili. Angalizo moja hapohapo: vitenzi vya kwenda mahali na vya kubadilika hali huchukua *er* badala ya *har*. *Han er gået hjem*, ameenda nyumbani. *Hun er blevet syg*, ameugua. Lakini *Jeg har gået i to timer*, nimetembea saa mbili, kwa kuwa hapo unataja shughuli na hutaji kufika popote.

Førdatid usiiogope kabisa, maana unayo kwenye damu. Ni "nilikuwa nime-" yetu. "Nilipofika alikuwa ameshakula" ni *Da jeg kom, havde han allerede spist*. "Alikuwa ameshaondoka" ni *Hun var allerede gået*. Inatumika pale unaporudi nyuma ya kisa chako, kisha unarejea kwenye datid na kuendelea. Na "-lipo-" ni *da* kwa jambo lililotokea mara moja, ila "kila nilipo-" ni *når*. Wenyewe wana msemo wa shuleni, *den gang da, hver gang når*, na unatosha.

Niongeze mambo mawili ambayo wanafunzi wanaozungumza Kiswahili huyakosea hata wakiwa wamefika mbali. La kwanza ni maneno ya mtu mwingine. Sisi tunasema "alisema amechoka", "alisema atakuja", tukiyaacha maneno yake katika wakati aliosemea. Kidenmaki huyavuta nyuma pamoja na kisa: *Han sagde, at han var træt. Hun sagde, at hun ville komme.* Kama jambo bado ni kweli hadi sasa, nutid inaweza kubaki, kama vile ukweli wa kudumu unavyobaki ndani ya kisa: *Vi besøgte Ribe, som er Danmarks ældste by.* Ulitembelea zamani, lakini Ribe ndio mji mkongwe kuliko yote Denmaki hata leo. Kwa hiyo si kila nutid iliyomo ndani ya kisa ni kosa, na kalamu nyekundu isikutie hofu ya kuzifuta zote.

La pili ni "nilikuwa nikisoma", "alikuwa anasubiri". Wanafunzi hutafuta umbo maalumu la kitenzi, halipo, wanakata tamaa. Wadenmaki humweka mtu kwenye mkao: *Jeg sad og læste. Hun stod og ventede. Han lå og sov. Jeg gik og tænkte på min mor.* Mtu aketi, asimame, alale au atembee, kisha *og*, kisha shughuli, na vitenzi vyote viwili vinabeba datid. Au utumie *var ved at*: *Jeg var ved at lave mad, da telefonen ringede*, nilikuwa napika simu ilipolia. Naipenda sana sehemu hii ya Kidenmaki. Msikilizaji anaona picha nzima ya mtu alivyokuwa, na kwa ripoti za wazee inafaa mno, kwani *Hun sad og græd*, alikuwa ameketi akilia, inasema mengi kuliko *Hun græd*.

Utaniuliza: mbona kazini, kwenye meza ya chai, Wadenmaki wenyewe husimulia kwa nutid? *Så kommer han ind, og så siger han...* Ni kweli, wanafanya hivyo kuchangamsha kisa, na huingia na kutoka humo kwa ustadi. Hakuna anayekukataza. Faida yake ni uhai, tena inakuepusha na vitenzi vigumu. Hasara yake ni kwamba msikilizaji anayejua wewe ni mwanafunzi hawezi kutofautisha ulipochagua na ulipoteleza. Ushauri wangu kwa hatua uliyopo ni huu: ripoti na insha ya mtihani ziwe datid mwanzo hadi mwisho. Kwenye chai jaribu nutid ukipenda, ila ukiichagua kaa nayo mpaka kisa kiishe. Ukiwa umeshapita mtihani, cheza utakavyo.

Kuhusu sikio, usijilaumu. Watu watakuambia "sikiliza redio, itaingia yenyewe". Kwa lugha nyingine huenda, kwa datid ya Kidenmaki haitoshi, kwa sababu mwisho wa neno humezwa. *Snakkede* na *snakket* katika kasi ya kawaida husikika karibu sawa, na ile *d* laini huishia kooni. Hata watoto wa Kidenmaki hukosea kuandika *køre* na *kører* kwa kuwa husikika sawa, na walimu wao wanapambana na *-r* hiyo ya nutid miaka yote ya shule. Kwa hiyo macho yako yafanye kazi ambayo sikio haliwezi: soma masimulizi mafupi kwa sauti huku unaangalia maandishi, na ule mwisho wa neno utamke kikamilifu hata kama wao hawautamki.

Ile orodha ndefu iweke kabatini kwanza. Kisa cha kawaida huendeshwa na vitenzi vichache vinavyorudi kila mara: *var, havde, kom, gik, sagde, så, fik, tog, gav, blev, gjorde, sad, stod, lå, fandt, hjalp*. Vijue hivi mpaka vitoke bila kufikiri. Vingine vingi ni *-ede*, na vichache ni *-te* kama *spiste, købte, kørte, læste*. Ukibanwa na hujui, bahatisha *-ede*, maana hata vitenzi vipya vinavyoingia kwenye lugha hupewa huo. Ukishapata utulivu, hakiki kwenye Den Danske Ordbog, kamusi ya bure mtandaoni, yenye minyambuliko na sauti. Na ukitumia *skulle, kunne, ville* au *måtte*, hicho ndicho kinachobeba wakati, kitenzi kinachofuata kinabaki wazi kama "ku-" yetu: *Jeg skulle hente ham*, nilitakiwa kumchukua, si *skulle hentede*.

Zoezi ninalokupa ni la Kiswahili kwanza. Baada ya zamu, andika sentensi tano za kilichotokea, kwa Kiswahili chako cha nyumbani, na *-ka-* zake zote, bila majina ya wazee. Zungushia duara kila *-ka-*. Kisha andika kwa Kidenmaki, na kila duara liwe datid. Mwishoni pitia vitenzi peke yake, huku macho yakiruka maneno mengine yote. Kusahihisha kila kitu kwa mpigo mmoja ndiko kunakomchosha mtu. Ripoti yako ikipita hapo inakuwa hivi: *I morges gik jeg ind til beboeren. Han lå i sengen og sagde, at han var træt. Jeg hjalp ham op, og han spiste lidt grød. Så fik han sin medicin kl. 8.15.* Vitenzi sita tu vimebadilika baada ya *gik*, pamoja na kile cha ndani ya maneno ya mzee.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. Mwendee mwalimu wako wa darasani na insha mbili zilizokwisha kusahihishwa, umwombe akuonyeshe kila *tid!* alimaanisha nini hasa, kwa sababu huenda baadhi zinahusu *har* na *er* na nyingine zinahusu *-ka-*. Maktaba nyingi na vikundi vya kujitolea vina *sprogcafé*, mikutano ya kujizoeza kuzungumza, na mtu wa kukusikiliza ukisimulia ana faida kuliko programu yoyote ya simu. Kazini, muulize muuguzi au kiongozi wako ni sentensi zipi wanataka zitumike kwa dawa, chakula na kuanguka, uzinakili, na pale ambapo huna uhakika piga simu wewe kabla hujapigiwa.

Ikiwa hata kusoma na kuandika Kiswahili kulikusumbua tangu shuleni, herufi zinaruka au maneno yanageuka, mwambie mwalimu waziwazi. Watu wazima Denmaki hupewa bure mafunzo maalumu, *ordblindeundervisning*, baada ya kupimwa, na huko ndiko utakakosaidiwa kuliko kuongezewa mazoezi ya vitenzi. Na siku ukilazimika kueleza jambo zito mbele ya polisi, daktari au ofisi ya uhamiaji, mahali ambapo "nilikuwa nimeondoka" na "niliondoka" zinaweza kubadili uamuzi, omba mkalimani, hata kama utakuwa umeshapita Prøve i Dansk 3 na alama ya juu kabisa, 12.